Mwezi wa Pili Sijauona

Sikuwa nimejificha. Hilo lieleweke mapema, maana hapa Mapera kuna watu wanaopenda kusema kwamba Hedwiga hutega masikio. Nilikuwa kwenye kahawa yangu mwenyewe, na kiroba changu mwenyewe, nimemaliza kuchuma, nafunga mdomo wa kiroba nirudi nyumbani. Kama mtu anaamua kupanda juu ya jiwe la mtandao na kupiga kelele kwenye simu, kosa si la masikio yangu. Jiwe lenyewe liko mpakani, kati ya shamba langu na la kaka yangu Tarsisi. Ukilipanda unapata mtandao, ukishuka tu umeupoteza. Kwa hiyo kila mwenye siri kijijini kwetu huitoa pale juu, hadharani, tena kwa sauti kubwa.

Aliyekuwa juu ya jiwe jioni ile ni Devotha, binti wa Tarsisi, mwalimu wa shule ya msingi. Mama yake alifariki angali mdogo, nikamlea mimi. Giza lilikuwa limeanza kuingia, naye alikuwa amegeukia upande wa Ziwa Nyasa, mkono mmoja kiunoni.

"Cuthbert, nakuambia mwezi wa pili huu sijauona!"

Kiroba kikaniponyoka, kahawa ikamwagika kwenye majani.

"Nina uhakika kabisa," akaendelea. "Nimeangalia vizuri. Eeh. Hapana, baba hajui, akijua patakuwa hapatoshi hapa. Ah, na wewe! Si wewe uliyenifundisha?" Akacheka. Yesu na Maria, mtoto anacheka! "Haya. Tusimwambie mtu kwanza. Tusubiri tuone na wa tatu."

Sasa wewe unayesoma, kama ni mwanamke, umeshaelewa. Kama ni mwanamume, kamuulize mkeo. Mwanamke akisema hajauona mwezi, na huu ni wa pili, hazungumzii habari za mbinguni.

Nilikaa chini palepale kwenye kahawa yangu iliyomwagika. Kwanza nilikasirika. Mwalimu mzima, msomaji wa masomo kanisani, yuko juu ya jiwe anautangazia ulimwengu! Halafu hasira ikapungua, maana nilikumbuka umri wake, na nilikumbuka Jumapili inakuja.

Jumapili ile alikuwa anakuja mshenga. Cuthbert ni mwalimu wa fizikia huko chini, kata ya Ngumbo, kwenye shule ya sekondari iliyo karibu na maji. Alikutana na Devotha kwenye semina ya walimu pale Mbinga, na tangu hapo mtoto wetu akawa anaimba akiosha vyombo. Kwao wakamtuma Mzee Damiano, katekista mstaafu wa Kianglikana, mtu mwenye maneno mazuri na magoti mabaya. Alipanda milima yote hiyo mara ya kwanza, Tarsisi akamrudisha. "Watu wa ziwani mnakula wadudu," alimwambia. Ni kweli wanakula. Kuna wadudu wadogo wanaitwa kungu, wanapanda juu ya ziwa kwa mamilioni mpaka unadhani maji yanaungua yanatoa moshi, na wenzetu wanawakamata, wanawafinyanga, wanawala. Lakini sisi wenyewe huku juu tunakula kumbikumbi, kwa hiyo sijui Tarsisi alikuwa anamcheka nani. Mara ya pili Damiano akaja tena, Tarsisi akasema Waanglikana mapadri wao wana wake, na mtu mwenye mke hapati nafasi ya kuombea watu wengine. Damiano akashuka tena na magoti yake.

Na kwao mshenga hatumwi mara ya nne. Akirudi mikono mitupu mara tatu, kijana anatafutiwa mahali pengine, imekwisha. Nilimuuliza Devotha, "Baba yako akikataa tena?" Nilitegemea aniambie atatoroka, nikawa nimeshaandaa maneno ya kumkaripia. Akasema, "Sitatoroka, shangazi. Siondoki bila baraka ya baba. Akikataa, nitakaa." Alilisema hilo akiwa anachambua maharage, macho makavu. Nilitamani angelia.

Kwa hiyo niliposikia habari za mwezi wa pili, baada ya hasira nikaona mwanga. Tarsisi anaweza kumkataa Cuthbert. Anaweza kumkataa Damiano na dini yake na kungu wake. Mjukuu hawezi kumkataa.

Kwanza nilitaka uhakika. Kwetu mimba changa haitajwi kwa jina lake, ukiitaja umeiitia mabaya. Na mwenye nayo ndiye anayeanza kusema, siyo shangazi kuchokonoa. Lakini nami nina moyo, jamani. Kesho yake Devotha alipokuja kunisaidia kuanika kahawa, nikazungukia kwa mbali.

"Mwanangu," nikasema huku nageuza buni kwenye chekecheke, "mwezi wako unaendeleaje?"

Akashtuka. Halafu uso wote ukachanua. "Shangazi! Nani kakuambia?"

"Nina masikio."

"Basi usimwambie baba, tafadhali. Atasema napoteza muda wangu na mambo ya kipuuzi."

"Ya kipuuzi!" nikasema. "Na Cuthbert yeye anasemaje?"

"Amefurahi mno. Anasema kule kwake siku hizi hakuna anachoweza kufanya, kwa hiyo kazi yote ananitegemea mimi."

"Anakutegemea wewe! Wanaume bwana! Alitaka amtegemee nani?"

Akacheka, akadhani natania. Akanisogelea, akanong'ona, "Ukitaka, nitakuonyesha."

"Unionyeshe nini, mtoto usiye na haya?"

"Kwa macho matupu huwezi kuona, shangazi. Lazima uwe na kifaa. Cuthbert ameniletea, nimekificha chini ya kitanda."

Nikaduwaa. Najua hospitali wana kifaa cha kuangalizia tumbo, wanakupaka mafuta ya baridi, mtoto anaonekana kwenye kioo. Sikujua kwamba tumefika mahali pa kila mtu kuwa na chake uvunguni.

"Vifaa vya nini," nikasema. "Ikifika minne hata kipofu ataona."

"Weee! Kuna watu wameonyeshwa minne yote kwa pamoja na bado hawaamini."

Nilijiambia, huyu elimu imemharibu kidogo, lakini hali yenyewe ipo. Jumapili iliyopita alisinzia kwenye misa, tena wakati wa mahubiri ya padri mpya ambaye kila mtu anampenda. Na mkono kiunoni kila jioni. Lisemwalo lipo.

Nikaenda kwa Tarsisi. Nilimkuta nyuma ya nyumba ananoa panga.

"Kaka, weka panga chini kwanza."

"Kwa nini?"

"Liweke tu."

Akaliweka. Nikamwambia. Sikupamba, sikuzunguka. Nilimwambia nilichosikia kwa masikio yangu na nilichoambiwa kwa mdomo wake mwenyewe Devotha. Nilikaa mkao wa kukimbia, maana kaka yangu hasira zake nazifahamu, tumenyonya ziwa moja. Akatazama kahawa yake. Kisha nikaona vidole vyake vinatembea, kimoja baada ya kingine, anahesabu kimoyomoyo.

"Krismasi," akasema.

"Unasemaje?"

"Atakuja Krismasi." Akaokota panga, akalinoa tena, na nakuapia alikuwa anapiga mluzi.

Kuanzia siku ile nyumba ile ikageuka. Devotha akishika ndoo, ananyang'anywa. Akiinama kufagia, ufagio unachukuliwa. Mzee aliyezoea kubamiza milango mpaka kuku wanaruka, sasa anaifunga taratibu na kiganja. Alikwenda mwenyewe kwa jirani kutafuta maziwa, yeye ambaye alikuwa na ugomvi na jirani huyo tangu walipogombania mpaka wa migomba. Jioni moja akanifuata jikoni kwangu, akajifanya anaomba chumvi.

"Hedwiga, mtu mwenye hali ile, kahawa inamdhuru?"

"Kidogo haidhuru."

"Na maharage?"

"Kaka, amekula maharage tangu azaliwe."

Akazungukazunguka. "Akiwa wa kiume ni Nicholaus, kama baba yetu. Akiwa wa kike ni Eliza, kama mama yake Devotha. Usimwambie mtu." Akaondoka bila chumvi.

Devotha ndiye aliyepata tabu. "Shangazi, baba ana nini? Leo amenikataza kupanda kwenye jiwe. Anasema nitateleza. Mimi nimepanda jiwe lile tangu nikiwa na meno ya utoto!" Nikamwambia wazee wana upepo wao, amwache. Kila alilofanya mzee lilizidi kumshangaza, na kila alivyoshangaa nikazidi kumsifu moyoni, nikisema tazama mtoto anavyojua kuficha.

Jumapili ikafika. Tulipotoka misa Mzee Damiano alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi la nje, anajisugua magoti, pembeni yake fungu la mbasa, samaki wa ziwani, wakavu, wamefungwa kwenye majani ya mgomba. Cuthbert hakuruhusiwa kupanda mpaka aitwe, ndiyo desturi, kwa hiyo alibaki chini barabarani na pikipiki. Niliona kofia yake ngumu inapita huku na huku juu ya ua wa majani.

"Shikamoo mzee," nikamwambia Damiano.

"Marahaba, mwanangu. Leo tuombeane."

Tulikaribishwa sebuleni. Damiano akakohoa, akajiweka sawa, akaanza kama mtu anayesoma waraka wa askofu. "Ndugu yangu Tarsisi, mtu akipanda mlima mara tatu..."

"Nimekubali," akasema Tarsisi.

Damiano akabaki mdomo wazi. "Lakini sijaanza."

"Huna haja. Nimekubali. Chukueni."

"Mzee mwenzangu, haya maneno nimeyakariri tangu Ngumbo. Kuna sehemu ya kungu nimeiandaa vizuri sana. Niruhusu angalau hiyo."

"Kungu ni nyama safi," akasema Tarsisi, na hapo nikajua mapenzi ya mjukuu hayana mwisho. "Sharti langu ni moja. Harusi iwe mapema, kabla watu hawajaanza kuona."

"Kuona nini?"

"Na mtoto wa kwanza aachwe hapa nimlee mimi, angalau mpaka aanze shule."

"Mungu akipenda, mtoto wa kwanza..."

"Mungu ameshapenda!" Tarsisi akapiga goti lake kwa kofi. "Usinizungushe, mzee. Mwezi wa pili huu hajauona!"

Mzee Damiano akanigeukia mimi, akageukia picha ya Moyo Mtakatifu ukutani, akarudi kwangu. Ni wakati huohuo Devotha akaingia na chupa ya chai.

"Nani hajauona?" akauliza.

"Wewe," nikasema, maana hapakuwa na haja tena ya kuficha. "Si ulisema mwenyewe, juu ya jiwe? Mwezi wa pili sijauona. Sote tunajua, mwanangu, wala hatujakasirika."

Devotha aliweka chupa mezani. Alinitazama, akamtazama baba yake, akatazama ile bilauri ya maziwa aliyowekewa peke yake kwenye kona ya meza. Nikaona zinavyomwingia, taratibu, habari za ndoo, ufagio, jiwe. Akajishika mdomo. Halafu akacheka mpaka akalazimika kukaa chini.

"Shangazi! Ule ni Yuropa!"

"Yuropa?" Mzee Damiano akaruka, magoti na yote. "Ina maana si ya Cuthbert? Ni ya Mzungu?"

Loo! Nilitamani ardhi ipasuke. Devotha alikimbia chumbani, akarudi na kile kifaa cha uvunguni. Hakikuwa cha tumbo. Ilikuwa darubini, bomba jeusi lenye miguu mitatu. Akaeleza huku anajifuta machozi ya kucheka. Ile nyota kubwa inayoonekana jioni upande wa ziwa si nyota, ni sayari ya Mshtarii. Ina miezi mingi, karibu mia, lakini minne ndiyo mikubwa, na kwa darubini unaiona imejipanga, vidoti vinne vya mwanga. Wanafunzi wa Cuthbert wanaichora kila jioni ilipo, lakini kule chini siku hizi mawingu na kungu vinawaziba, kwa hiyo Devotha anaitazama kwa niaba yao huku juu kwenye anga safi, kisha anampigia. Wa kwanza unaitwa Io, wa pili Yuropa. Jioni ile wa pili ulikuwa umepita nyuma ya sayari. Ndiyo maana hakuuona.

"Na kusinzia kwenye misa?" nikauliza. Nilikuwa nashika chochote.

"Nilikuwa nimekesha natazama, shangazi. Naomba msamaha kwa padri."

"Na mkono kiunoni?"

"Kuinama kwenye darubini kunachosha mgongo!"

Hebu niambie, nani mwingine angesikia vile akaelewa vingine? Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu vyote hivyo, halafu lawama zinakuja kwangu.

Tulicheka. Damiano alicheka mpaka akasahau magoti, akaenda mlangoni kumwita Cuthbert apande, kwa kuwa kama posa imeshakubaliwa hakuna sababu kijana aendelee kuchomwa na jua. Cuthbert akaingia, mrefu, mwembamba, kofia ngumu ameikumbatia kifuani, akamwinamia kila mtu. "Shikamoo baba. Shikamoo shangazi."

Tarsisi hakuitikia. Ndipo nilipogundua kwamba yeye hakuwa amecheka hata kidogo.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "hakuna mtoto."

"Hakuna, baba," Devotha akasema.

"Hakuna kabisa."

"Hakuna, baba."

Tarsisi aliinuka. Akapita kati yetu, akatoka nje, akaingia kwenye kahawa. Safari hii mlango aliubamiza.

Kicheko kikatukauka. Kila mtu mle ndani alijua maana yake. Neno lililotolewa kwa ajili ya mtoto, mtoto akiwa hayupo, limebaki la nani? Hii ilikuwa mara ya tatu. Devotha alikaa mikono mapajani, akatazama sakafu, na ile hali ya macho makavu ikarudi. Cuthbert maskini ni wale watu ambao wakiogopa wanafundisha. Damiano akamuuliza, ili tu pasiwe kimya, kama huko angani kuna sayari nyingine zenye miezi, na kijana akafunguka. Zohali, akasema, ina miezi mia mbili sabini na minne.

"Mia mbili sabini na minne!" Damiano akashika kichwa. "Mama wa huko anabeba mimba mpaka lini?"

Mwezi mkubwa wa Zohali unaitwa Titani, Cuthbert akaendelea, na jasho linamtoka, una angahewa nzito kuliko yetu, una mito, una mvua, una maziwa.

"Maziwa kama Nyasa? Samaki je?"

"Hakuna samaki, mzee. Siyo maji. Ni gesi, ya aina ile inayotoka Mtwara, ila kwa baridi kali imekuwa kimiminika. Na juu yake pana ukungu wa rangi ya chungwa."

"Ukungu au kungu?"

"Ukungu, mzee."

"Hapafai," akasema Damiano.

Nilipowaacha Cuthbert alikuwa amefika Uranusi, anaeleza kwamba mawingu yake yananuka mayai viza. Nikasema moyoni, kijana, leo hata hapa pananuka. Nikamfuata kaka yangu.

Nilimkuta amesimama ukingoni, pale mashamba yetu ya ngolo yanapoanza kuteremka, mashimo yake ya kukinga maji ya mvua yamepangana mpaka bondeni. Alikuwa amenipa mgongo.

"Usinisogelee, Hedwiga. Wewe na masikio yako."

"Nisamehe, kaka."

"Nilikuwa nimeshamzoea," akasema. Sauti ilimkatika. Sijawahi kusikia sauti ya kaka yangu ikikatika, hata siku ya kumzika mkewe. "Wiki nzima nalala naye, naamka naye. Wanangu wa kiume wako Dar es Salaam, wananipigia simu siku ya Krismasi, dakika mbili, 'Baba hujambo, baba kwaheri.' Nikasema mwaka huu Krismasi inakuja yenyewe, kwa miguu yake. Sikumkubali Cuthbert, mimi. Nilimkubali Nicholaus."

"Lakini neno umeshalitoa, kaka."

"Nililitoa kwa mtu ambaye hayupo."

Nilimwonea huruma. Miaka yote nilidhani ni kiburi, kumbe wale wadudu na wale mapadri wenye wake walikuwa ni ua wa miiba tu, na nyuma ya ua amekaa mzee anayeogopa kubaki peke yake kwenye nyumba. Nikamwambia hivyohivyo, bila kumung'unya maneno: "Unaogopa kuachwa." Akanijibu, "Ndiyo, naogopa. Sasa umefurahi?" Akanipita, akarudi nyumbani kwa hatua ndefu. Nikamfuata nikikimbia, namsihi Bikira Maria njia nzima.

Aliingia, akasimama mbele ya darubini. Cuthbert akasimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa na mkuu wa shule.

"Hiki kifaa chako," Tarsisi akamwambia. "Kinaona mbali kiasi gani?"

"Baba, Mshtarii uko mbali sana. Mwanga wake unatumia zaidi ya nusu saa kufika hapa, na hakuna kitu chenye mbio kuliko mwanga."

"Na bado miezi yake mnaiona."

"Tunaiona, baba."

"Sasa ukiwa pale Ngumbo, shuleni kwako, ukakigeuzia huku juu. Nyumba hii utaiona?"

Nilimkazia macho Cuthbert. Nilimwambia kwa macho yangu yote: sema ndiyo, mwanangu, danganya, Mungu ataelewa! Kijana alimtazama Devotha, akatazama mlango.

"Hapana, baba. Mlima unaziba."

"Mlima unaziba," Tarsisi akarudia. Akaweka kiganja juu ya lile bomba jeusi. "Miezi ya Mshtarii mnaiona, mimi hamnioni."

Devotha aliinuka, akaenda akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Nitakaa, baba," akasema. "Nilishasema, nitakaa. Usisikitike."

"Nani kakutuma ukae?" Tarsisi akafoka, hata chupa ya chai ikatikisika. "Nimesema nina uchungu, sijasema nimekataa! Mtu haruhusiwi kuwa na uchungu nyumbani kwake? Ukae hapa unitazame mimi nakunywa uji mpaka uzeeke? Inuka." Yeye mwenyewe akamshika mkono, akamwinua. "Utakwenda. Ila utakuja. Kila mwezi uje, unisikie? Wewe na huyu mrefu wako."

"Kila mwezi, baba," Devotha akasema.

Hapo Cuthbert, ambaye kichwa chake kilikuwa bado kimejaa Zohali na woga, akainua kidole. "Mwezi upi, baba?"

Kama ningekuwa karibu ningemzaba kibao. Damiano alifumba macho. Lakini Tarsisi alimtazama kijana yule, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona mashavu yake yanalegea.

"Huu wa dunia, mwanangu," akasema. "Hiyo ya mbali mtaihesabu nikiwa sipo."

Devotha akaangua kilio mbele ya wageni wote, na hakuna aliyemkataza.